Nani Alikutuma Unisemee?

Maandiko: Matendo 6:1–7, Marko 10:46–52, Mathayo 27:24



Leo naanza kwa kuungama. Mwaka jana, mwezi wa nne, maafisa wa kaunti walikuja katika wadi yetu kukusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti. Mimi nilialikwa kama mmoja wa viongozi wa dini. Kikao kilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Karatasi ya kujiandikisha ikapita kutoka mkono hadi mkono, soda zikagawanywa, na maikrofoni ikanifikia. Nyinyi mnanijua. Mimi na maikrofoni hatujawahi kukosana.

Nikasimama nikasema kwa niaba ya akina mama wa sokoni. Nilisomea biashara chuo kikuu, kwa hivyo siku hiyo nilimwaga yote niliyofundishwa: mtaji, faida, mzunguko wa pesa. Nikapendekeza kaunti ianzishe hazina ya mikopo midogo ili kila mama mboga apate pesa za kupanua biashara yake. Watu wakapiga makofi. Mheshimiwa MCA akaitikia kwa kichwa. Karani akaandika. Nikaweka sahihi yangu, nikachukua soda yangu, nikaenda nyumbani nikimshukuru Mungu kwamba leo nimewatetea maskini.

Siku mbili baadaye, tulipomaliza ibada ya maombi, mama mmoja wa hapa kanisani anayeuza sukuma na nyanya sokoni aliniita kando. Jina lake silitaji, lakini ameniruhusu nisimulie. Aliniuliza kwa upole, vile mama humuuliza kijana wake hata kama kijana huyo ni pasta: "Pasta, nimesikia ulituombea mkopo. Ni nani alikutuma?"

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Mikopo tunayo, Pasta," akaendelea. "Ya simu iko, ya chama iko, na kuna yule kijana wa pikipiki anayekuja na daftari kila jioni. Sitaki deni lingine. Sisi tunataka choo."

Soko letu halina choo. Kilicho karibu ni cha mtu binafsi, ng'ambo ya barabara, na unalipa shilingi 10 kila ukiingia. Ukienda mara tatu kwa siku ni shilingi 30. Kwa siku sita za kazi ni 180, na kwa wiki nne ni 720. Halafu kuna wateja wanaokuja ukiwa umeondoka, na nyanya zinazopotea kwa sababu kibanda kimebaki na mtoto. Mama akaniambia, "Siku ya soko mimi sinywi maji kabisa, ndio nisiende choo." Yaani mimi na shahada yangu ya biashara, ninayepita hapo kila siku, sikuwa nimeona gharama hiyo. Haimo katika kitabu chochote nilichosoma.

Na mbona wao wenyewe hawakuja kusema? Nilimuuliza hivyo, nikajuta. Jumanne ni siku ya soko. Kikao cha kuamua mambo ya sokoni kiliitishwa saa ambayo hakuna mtu wa sokoni angeweza kufika.

Tangu siku hiyo nina swali ambalo limeninyima usingizi, na leo nataka tulibebe pamoja. Ukimsemea maskini bila kumuuliza, unamtetea, au unamnyang'anya kitu cha mwisho alichobaki nacho?

Tumepewa amri ya kusema, lakini kusema nini?

Mithali 31:8 inatuagiza tufungue vinywa vyetu kwa ajili ya wasioweza kujisemea. Andiko hilo ni la kweli na sitalipunguza nguvu. Yuko mtoto mchanga, yuko mgonjwa asiyeweza kuinuka, yuko mtu ambaye akifungua mdomo atapoteza kazi au nyumba. Kanisa likiwanyamazia hao litajibu mbele za Mungu.

Lakini yule mama si bubu. Anazungumza vizuri kuniliko. Shida yake ni kwamba hakuna aliyemwekea kiti, na mtu wa kwanza kukalia kiti chake ni mimi.

Amri ya tisa inakataza kumshuhudia jirani uongo. Tumezoea kuihubiri kama amri ya mahakamani, au ya wale wanaosengenya majirani. Hebu fikiria tena. Nikisimama mbele ya serikali nikasema akina mama wa soko wanataka mikopo, ilhali hawajaniambia hivyo, nimetoa ushuhuda gani? Nia yangu ilikuwa njema, naam. Lakini nia njema haigeuzi jambo ambalo si kweli likawa kweli. Nilimshuhudia jirani yangu uongo, na watu wakanipigia makofi.

Makosa haya hayakuanza na mimi

Nchi yetu imepigana na umaskini tangu ijitawale. Wazee hapa wanakumbuka maadui watatu tulioimbiwa: umaskini, ujinga na maradhi. Mwaka 1965 serikali ilitoa waraka wake wa sera, Nambari 10, kuhusu Ujamaa wa Kiafrika. Ndani yake kulikuwa na wazo ambalo mwanafunzi yeyote wa biashara angelipa alama zote: pesa za maendeleo zipelekwe kwanza mahali zitakapozaa haraka, penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Faida itakayopatikana huko ndiyo itasaidia kwingine baadaye.

Kwa hesabu ya karatasi, wazo hilo linapendeza. Sasa lisome ukiwa umeketi Turkana, Wajir au Mandera. Huna mvua, barabara hakuna, basi utangoja. Utangoja hadi lini? Waraka uliandikwa kuwahusu watu hao, na maisha yao yakapangwa humo bila wao kuwa mezani. Miaka 45 baadaye, Katiba ya 2010 ililazimika kuunda Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, ili kupeleka maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Ni kama taifa lilikuwa linaungama kwamba hesabu ya kwanza iliwasahau watu.

Sisemi walioandika waraka ule walikuwa wabaya. Nasema walikuwa kama mimi na maikrofoni yangu. Walijua mengi, na hawakuuliza.

Mitume waliuliza

Katika Matendo 6, kanisa la kwanza lina mpango wa kupunguza umaskini. Kila siku chakula kinagawanywa kwa wajane. Mpango ni mzuri, na unasimamiwa na mitume wenyewe, watu waliotembea na Yesu. Na bado wajane wa upande wa Wayunani wanarukwa. Manung'uniko yanaanza.

Tazama mitume walichokifanya. Hawakusema manung'uniko ni roho ya uasi. Hawakuwauliza, "Mnajua mnaongea na nani?" Waliwaita wanafunzi wote, wakakubali kwamba kuna kazi haiendi sawa, wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Watu wenyewe ndio waliochagua. Soma majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Mamlaka ya kugawa chakula yaliwekwa mikononi mwa watu walioijua lugha ya wale waliosahauliwa. Na mstari wa saba unasema nini kilifuata? Neno la Mungu likaenea, na idadi ya wanafunzi ikaongezeka sana. Wapendwa, kuna uamsho uliokuja kwa sababu watu walisikilizwa kuhusu chakula!

Bwana wetu mwenyewe alitufundisha hivyo hivyo. Bartimayo ni kipofu, ameketi kando ya njia ya Yeriko akiomba. Hakuna mtu katika umati ule asiyejua anachohitaji. Lakini Yesu anasimama, anaagiza aitwe, kisha anamuuliza anataka afanyiwe nini. Yeye ajuaye yote aliuliza. Mimi nisiyejua hata bei ya choo cha soko sikuuliza.

Beseni la Pilato

Hapa msomaji makini atanikatiza: "Pasta, umati ukiulizwa unaweza kuchagua Baraba!" Ni kweli, na sitaki tulikwepe jambo hili. Pilato aliuliza umma. Umma ukajibu. Na jibu likampeleka asiye na hatia msalabani.

Lakini angalia mambo mawili. Kwanza, Marko 15:11 inasema wakuu wa makuhani ndio waliouchochea umati. Sauti ilisikika ni ya umma, lakini maneno yalikuwa ya wakubwa. Tunaujua mchezo huo. Gari linaleta vijana kutoka wadi nyingine, wanapewa nauli na maneno ya kusema, na jioni inaandikwa kwamba wananchi wameunga mkono. Pili, Pilato hakuuliza ili ajue. Alikuwa anajua tayari kwamba mtu huyu hana kosa. Aliuliza ili lawama isimwangukie, kisha akaagiza maji akanawa mikono.

Kwa hivyo kuna kuuliza kwa aina mbili. Mitume waliwaita watu ili wabebe mzigo pamoja nao. Pilato aliwaita watu ili awatwike mzigo wake. Kikao kinaweza kuwa na viti vile vile na karatasi ile ile ya kujiandikisha, lakini kimoja ni meza ya wajane na kingine ni beseni la Pilato.

Na mimi na wewe tukienda pale tukaweka sahihi, tukanywa soda, tukaondoka bila kusoma chochote, sisi ndio maji ya kwenye beseni. Sahihi yangu ni ushuhuda. Inasema nilikuwepo, nilielezwa, nilisikilizwa. Kama hayo hayakutokea, nimeandika uongo kwa mkono wangu, na uongo huo utatumika kuthibitisha kwamba wananchi waliulizwa.

Sheria iko upande wa yule mama

Wengine wanadhani kuulizwa ni hisani ya mheshimiwa. Hapana. Kifungu cha 1 cha Katiba kinaanza kwa kusema mamlaka ni ya wananchi. Kifungu cha 10 kinaweka ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa, na cha 201 kinautaja tena kwa upande wa pesa za umma. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba ushiriki huo lazima uwe wa kweli, usiwe wa kujipamba tu. Haimaanishi kila tunachosema kitafuatwa. Inamaanisha tupewe habari mapema, tupewe nafasi ya kweli ya kusema, na tulichosema kizingatiwe.

Tena kuna kalenda, na hapa ndipo wengi tunapotea. Tunangoja bajeti. Lakini kufikia tarehe 30 Aprili, makadirio ya bajeti yanapofikishwa kwenye bunge la kaunti, mambo mengi yamekwisha kuamuliwa. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hupelekwa huko kufikia tarehe 1 Septemba. Mwisho wa Februari hupelekwa waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka viwango vya kila idara. Na juu ya hayo yote kuna mpango wa kaunti wa miaka mitano. Mtu anayetaka choo sokoni akaanza kukitaja mwezi wa nne ni kama aliyefika harusini wakati sufuria zinaoshwa.

"Hata tukisema, wameshaamua"

Nimesikia neno hili mara nyingi, na silidharau. Kuna watu wamesema miaka kumi na barabara bado ni matope. Na Juni 2024 sote tuliona vijana wakiukataa Mswada wa Fedha barabarani, wengine wakapoteza maisha, kabla Rais hajakataa kuutia sahihi. Kila mtu ana maoni yake kuhusu siku zile. Mimi nasema hili moja: mlango wa kusikilizana ukiwa mzito kufunguka, gharama ya kubisha hupanda, na mara nyingi hulipwa na watoto wa watu.

Ndiyo sababu tusiuache mlango huo ukapata kutu. Yesu alimsifu mjane aliyemrudia kadhi asiyemcha Mungu mpaka akapata haki yake. Mjane yule hakuwa na wakili wala pesa. Alichokuwa nacho ni miguu ya kurudi tena.

Wengine wananiambia mambo haya waachiwe wataalamu. Nawaheshimu wataalamu. Mama yule hajui bomba la maji taka linapaswa kuwa na upana gani, na mhandisi anajua. Lakini mhandisi hajui kwamba kuna mwanamke anayekaa na kiu siku nzima kwa hofu ya shilingi 10. Kila mmoja ana nusu ya ukweli, na choo kinajengwa kwa nusu zote mbili.

Na wengine wanasema hii ni siasa, si injili. Basi binti za Selofehadi, katika Hesabu 27, walikuwa wanafanya nini walipomwendea Musa na wakuu na mkutano wote, mlangoni pa hema, kudai urithi wa ardhi? Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza hawakumtuma mjomba awasemee. Walisema wenyewe. Musa hakujifanya anajua jibu, alilipeleka neno lao mbele za Bwana. Na Bwana akasema wamenena haki, na sheria ya Israeli ikabadilika. Wanawake watano wasio na baba walishiriki kutengeneza sera ya ardhi, na Mungu ndiye aliyeipitisha.

Tulifanya nini?

Nilirudi kwa yule mama kuomba msamaha. Akaniambia, "Msamaha nimekupa, Pasta. Sasa leta kalamu."

Jumapili moja baada ya ibada tuliketi na akina mama kumi na wawili, wa kanisa hili na wasio wa kanisa hili, na mama mmoja Mwislamu aliyetutangulia kufika. Kazi yangu ilikuwa kuandika tu. Mara mbili nilitaka kuwasahihisha, nikajiuma ulimi. Wao wenyewe hawakukubaliana mara moja. Wengine walitaka taa, wengine mtaro wa maji ya mvua. Walibishana wakapanga: choo kwanza, mtaro pili, taa tatu. Wakaandika majina yao, wakatuma wawili miongoni mwao kupeleka barua ofisi ya wadi kabla ya mwezi wa tisa, na nakala ikapigwa muhuri. Waliomba pia vikao vya soko visiitishwe siku ya soko.

Sitawadanganya: choo hakijajengwa. Kimeandikwa katika mpango wa mwaka, bila pesa bado. Kikao kilichofuata kiliitishwa Jumatano alasiri, na wanne kati yao walikuwepo. Kwa wengine huo ni ushindi mdogo. Mimi nimeuona uso wa mama akisimama na maikrofoni, na najua si mdogo.

Na tusiwanyooshee kidole watu wa kaunti peke yao. Desemba sisi kama kanisa tulizipelekea familia kadhaa unga, mafuta na sukari. Mzee mmoja alipokea kwa shukrani, kisha shemasi akaja kugundua kwamba ana ugonjwa wa sukari na alichokosa ni nauli ya kliniki. Tulimpa kwa upendo, lakini hatukumuuliza. Mambo haya yaanzie nyumbani mwa Bwana.

Wiki hii, kabla hujasema "maskini wanahitaji hiki," mtafute mmoja, keti naye, umuulize, kisha unyamaze mpaka amalize. Ukiitwa kwenye kikao cha maoni, nenda, na ikiwa wewe una kazi inayokuruhusu kutoka, chunga kibanda cha jirani yako ili yeye ndiye aende. Huduma hiyo ni kubwa kuliko hotuba yangu yote. Na ukipewa karatasi ya sahihi, soma kwanza unashuhudia nini.

Tuombe. Bwana, utusamehe kwa kila mara tulipokalia kiti cha ndugu yetu tukidhani tunamtumikia. Utupe masikio kabla ya maikrofoni. Wakumbuke wanaotuongoza, wasitafute beseni bali meza. Na dada zetu wa sokoni, Bwana, wanywe maji bila hofu. Katika jina la Yesu, Amina.